Popo Amelala, Amezimia au Amezizima? Uhakiki wa Istilahi za Halijoto ya Mwili

Miongoni mwa maneno yanayoletwa kwetu ili yatafutiwe Kiswahili chake, yapo yanayoonekana mepesi kwa kuwa kila mtafsiri anadhani anayo tayari. Maneno yahusuyo hali ya popo na wanyama wengine wanaopoza miili yao kwa saa nyingi, siku nyingi au miezi kadhaa, ni ya namna hiyo. Mtafsiri mmoja huandika kwamba mnyama “amelala usingizi wa majira ya baridi”. Wa pili huandika “amezimia”. Wa tatu “amepigwa na bumbwazi”. Wa nne huliacha neno la kigeni lilivyo na kulivika irabu mwishoni. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo moja baada ya jingine, kuonyesha mahali yanapopotosha, na kutoa mapendekezo ambayo walimu, watafsiri na watumishi wa Serikali watayajadili.

Tumechagua kuyapima kwa macho ya msomaji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Sababu yetu ni kwamba istilahi ya taifa haitungwi kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam peke yao. Neno likishindwa kueleweka Itilima, Maswa, Meatu au Busega, mahali ambapo watoto wengi huanza maisha kwa Kisukuma kabla ya kukutana na Kiswahili cha darasani, basi neno hilo bado lina kasoro, hata likiwa limepangwa vizuri kitabuni.

1. Jambo lenyewe

Kabla ya kulihukumu neno, hatuna budi kulijua jambo linalotajwa. Popo ni mamalia. Akiwa macho na akiruka, mwili wake huwa na halijoto inayokaribiana na ya mwili wetu au kuizidi, ambayo yetu ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Lakini popo ni mdogo, na mwili mdogo hupoteza joto upesi. Popo mwenye uzito wa gramu 10 hulazimika kula sana ili kuutunza moto huo. Wadudu wakiadimika, au baridi ikizidi, wengi miongoni mwao huufifisha moto wenyewe: umetaboli, yaani kazi ya mwili ya kugeuza chakula na mafuta kuwa nishati, hupungua mno, mapigo ya moyo huwa machache, pumzi huja mara moja moja, na halijoto ya mwili hushuka mpaka kukaribia ile ya mahali alipo.

Hali hiyo ina namna mbili kubwa. Ya kwanza hudumu kwa saa chache katika siku moja, kisha mnyama hurudia hali yake na kwenda kutafuta chakula. Ya pili huendelea kwa miezi. Popo wadogo wa Amerika ya Kaskazini waitwao kitaalamu Myotis lucifugus hukaa mapangoni majira yote ya baridi, halijoto ya miili yao ikiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Lakini hata hao hawadumu hivyo moja kwa moja. Baada ya wiki mbili hivi, popo huupasha mwili wake moto mpaka ukafikia kiwango cha kawaida, hukaa hivyo kwa muda mfupi, kisha hupoa tena. Sehemu kubwa ya akiba yake ya mafuta ya majira hayo hutumika katika vipindi hivyo vya kujipasha moto.

Popo wa Simiyu hawana majira ya baridi ya namna hiyo. Hata hivyo, mambo haya hayako mbali nao. Tanzania ina popo wala wadudu waitwao Mops condylurus, ambao hupenda kukaa katika nyufa na chini ya mapaa ya bati ya nyumba na shule. Jua la mchana linapowaka, nafasi iliyo chini ya bati yaweza kupita nyuzi 40, nao huvumilia. Popo wa jamii hiyo waliochunguzwa Afrika Kusini wameonekana kupoza miili yao katika saa za baridi, kisha kupashwa na paa lenyewe jua linapopanda. Kwa hiyo, mwalimu wa Bariadi anayefundisha somo hili anazungumzia jambo linaloweza kuwa juu ya dari ya darasa lake.

2. “Joto”, “halijoto” na hadithi ya damu moto

Kosa la kwanza tunalolikuta katika tafsiri za somo hili ni kuandika “joto la mwili” mahali pote, bila kujali kinachosemwa. Joto ni nishati. Halijoto ni kipimo cha kuonyesha kitu kina moto au baridi kiasi gani. Kikombe cha maji yanayochemka kina halijoto kubwa kuliko Ziwa Victoria, lakini ziwa zima lina joto jingi kupita kikombe hicho mara zisizohesabika. Popo anayepoza mwili wake anafanya mambo mawili: anapunguza joto analolizalisha, na kwa sababu hiyo halijoto yake inashuka. La kwanza ndilo chanzo, na la pili ni tokeo. Mtafsiri akiandika kwa yote mawili kwamba “joto linapungua”, msomaji hatajua kama anaambiwa chanzo au tokeo.

Wako wanaopendelea “jotoridi”, wakisema kwamba neno hilo limekusanya joto na baridi pamoja, hivyo halishangazi likitumika kwa mwili wenye nyuzi 5. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, “halijoto” limekwisha kushika mizizi shuleni, na halikosi kueleweka. Tunaona ni afadhali kulishika moja kwa uaminifu kuliko kuyatumia yote mawili katika ukurasa mmoja, kama afanyavyo mtafsiri anayeogopa kurudia neno. Katika insha ya fasihi, kurudia neno huenda kukachosha. Katika maandishi ya sayansi, kubadili neno ni kumwambia msomaji kwamba kitu nacho kimebadilika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Vitabu na masomo mengi yamezoea kuwagawa wanyama katika “wenye damu moto” na “wenye damu baridi”. Usemi huu umehamishwa kutoka lugha za Ulaya neno kwa neno, nao hausemi kweli. Mjusi anayeota jua juu ya jiwe huko Meatu saa sita mchana aweza kuwa na damu yenye moto kama ya mchungaji anayepita karibu naye. Kwa upande wa pili, popo wa majira ya baridi, anayehesabiwa kuwa wa “damu moto”, hukaa wiki nzima damu yake ikiwa na nyuzi zisizofika 10. Mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, popo huyu amehama kundi? Mwalimu hana jibu, kwa sababu kosa limo katika neno alilopewa.

Mgawanyo wa kweli unahusu chimbuko la joto na jinsi linavyotawaliwa. Wako wanyama wanaozalisha ndani ya miili yao joto la kutosha kuipasha, na wako wanaolitegemea jua, maji au ardhi. Tunapendekeza waitwe “wanyama wa joto la ndani” na “wanyama wa joto la nje”. Popo hubaki katika kundi la kwanza hata akiwa amepoa, kwa kuwa anao uwezo wa kuuwasha moto wake mwenyewe.

3. Usingizi, kuzimia na bumbwazi

Tuje sasa kwenye kiini. “Usingizi wa majira ya baridi” una sifa moja ambayo hatupaswi kuidharau: kila msomaji huuelewa mara moja. Ubaya wake ni kwamba anachokielewa sicho. Usingizi ni hali ambayo ubongo unafanya kazi yake maalumu, na mwili unabaki na moto wake. Mwaka 1991 wataalamu waliopima umeme wa ubongo wa kindi wa ardhini walieleza jambo la ajabu: kindi hao walipokwisha kujipasha moto katikati ya majira ya baridi, walitumia muda mwingi wa vipindi hivyo kulala usingizi. Ni kana kwamba walikuwa na deni la usingizi walilohitaji kulilipa. Basi kama mnyama hutoka katika hali fulani ili apate kulala, hali hiyo haiwezi kuitwa usingizi bila kuvuruga somo.

Madhara ya kosa hili yanaonekana wazi katika habari za ugonjwa wa pua nyeupe. Ugonjwa huo uletwao na kuvu ulionekana kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 2006, na tangu hapo umeua mamilioni ya popo. Mojawapo ya njia zake za kuua ni kuwafanya popo wajipashe moto mara nyingi kupita kiasi, wakamaliza mafuta yao kabla ya wadudu kurejea. Mtafsiri akiandika kwamba “popo hao hufa kwa kuamshwa usingizini mara kwa mara”, msomaji atashangaa, kwani kuamka usingizini hakujaua mtu. Sababu ya kifo imepotea ndani ya neno.

“Kuzimia” na “kuzirai” hazifai pia. Aliyezimia ameshindwa, mwili wake umepatwa na jambo lililomzidi. Popo hajashindwa, bali ametumia uwezo ambao ni sehemu ya maumbile yake. “Kupooza” kunajaribu kwa sababu kuna sauti ya kupoa ndani yake, lakini maana ya kiungo kilichokufa imekwisha kulitawala neno hilo hospitalini. “Ganzi” ni ya kiungo kimoja na ya hisia. “Bumbwazi” ni ya mtu aliyeshangaa mpaka akakosa la kusema. Kumpa popo bumbwazi ni kumpa mshangao ambao hana.

Wanaotaka kukopa “haibanesheni” na “topa” wanatukumbusha kwamba Kiswahili hakijawahi kuogopa kukopa, na ni kweli. Lakini utaratibu wetu wa siku nyingi ni kutazama kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, halafu katika lugha za Kibantu, halafu katika lugha nyingine za Afrika, ndipo tuende mbali. Msomaji wa Simiyu anajua faida ya utaratibu huo: neno “ikulu”, analolisikia redioni kila siku, lilitoka katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi, ambako lilikuwa makao ya mtemi. Tusikope kabla hatujafungua ghala letu.

Na ghalani limo neno. Kitenzi “zizima” hutumika kwa kitu kilichokuwa baridi sana, na hutumika vilevile kwa kitu kilichotulia kabisa. Maji ya mtungi yanazizima. Bahari iliyotulia imezizima. Mwili wa mtu aliyenyeshewa na mvua unazizima. Mambo mawili tunayoyatafuta, kupoa na kutulia, yamo pamoja katika kitenzi kimoja, nacho hakina ndani yake usingizi, ugonjwa wala kushindwa. Kutokana nacho tunapata “mzizimo”. Popo aliyeshusha halijoto yake amezizima. Hali yake ni mzizimo. Na kwa kitendo cha kujipasha moto na kurudia hali ya kawaida tunalo neno lililo tayari, “kuzinduka”, ambalo jina lake ni “mzinduko”. Sentensi iliyotusumbua juu sasa inasomeka hivi: “popo hao hufa kwa sababu mizinduko ya mara kwa mara humaliza mafuta yao.” Sababu imerudi mahali pake.

4. Matatizo ya majira

Neno la kigeni la hali hii ndefu lina majira ya baridi tumboni mwake, kwani limetokana na Kilatini cha majira hayo. Wenyewe walilitunga kwao, kwenye theluji. Je, nasi tuyabebe majira hayo mpaka Bariadi, ambako watu huhesabu mwaka kwa mvua na kiangazi, kwa kupanda na kuvuna pamba? Wengine wamejaribu kuandika “kipupwe”. Lakini kipupwe ni ubaridi wa katikati ya mwaka wa huku kwetu, usiogandisha maji wala kuwamaliza wadudu wote. Kulitumia kwa majira ya baridi ya Canada ni kumdanganya msomaji mara mbili.

Isitoshe, sayansi yenyewe imelegeza kifungo cha majira. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba lemuri mdogo wa Madagaska, Cheirogaleus medius, huzizima kwa miezi saba ndani ya mashimo ya miti. Katika mti usiozuia joto, halijoto ya mwili wake hupanda na kushuka kwa karibu nyuzi 20 katika siku moja, ikilifuata jua. Hakuna theluji hapo. Kuna kiangazi na upungufu wa chakula. Neno lililofungamana na baridi ya msimu lingemfukuza lemuri huyu katika kundi analostahili. Kwa hiyo, tunaona ni bora istilahi itaje muda na kuyaacha majira: “mzizimo mrefu” kwa ule wa siku nyingi au miezi, na “mzizimo wa kutwa” kwa ule wa saa chache. Mtafsiri anayetaka kutaja majira ataongeza maneno yake: mzizimo mrefu wa majira ya baridi, mzizimo mrefu wa kiangazi.

Hapa yafaa tuweke mpaka. Wako viumbe wa Simiyu ambao hunyamaza kiangazi bila kuzizima. Kamongo anaponaswa na tope linalokauka aweza kujifukia, akajifunika kwa gamba la ute, akavuta hewa kwa mapafu mpaka mvua irudi. Konokono wa jamii ya Bulinus nasutus, wanaoeneza kichocho cha mkojo katika madimbwi ya Usukuma, hukaa ndani ya tope kavu na kuibuka dimbwi linapojaa. Hawa ni wanyama wa joto la nje. Hawana moto wa kuufifisha, na tope la kiangazi si la baridi. Kuwaita “waliozizima” kungeliharibu neno siku ya kwanza ya kuzaliwa kwake. Tunapendekeza “ubwete”, kutokana na usemi wa kukaa bwete, uwe jina la jumla la kila hali ya kiumbe kusimamisha shughuli zake ili kuvuka wakati mgumu. Hivyo kamongo na konokono wako katika “ubwete wa kiangazi”. Mzizimo utakuwa aina mojawapo ya ubwete, ile inayoambatana na mnyama wa joto la ndani kushusha halijoto yake.

Bwana afya atakayeandika tangazo kuhusu malambo atanufaika. Akiandika kwamba konokono “hufa kiangazi”, wananchi watadhani lambo lililokauka limetakasika. Akiandika kwamba konokono “wamo katika ubwete”, amewaonya.

5. Kupima, kunasa na kufuatilia

Wataalamu wanawezaje kuijua halijoto ya popo kwa miezi mingi? Kipimajoto cha kawaida hakifai, kwa maana mkono unaomshika popo humzindua, na kipimo huonyesha halijoto ya popo aliyesumbuliwa. Kwa hiyo hutumia vyombo vidogo vinavyobaki mwilini. Kimoja hugandishwa mgongoni na kutuma mawimbi ya redio, ambayo mdundo wake hubadilika kwa kadiri ya halijoto ya ngozi. Kingine huwekwa ndani ya mwili na kuhifadhi vipimo vyenyewe mpaka kisomwe. Wachunguzi wengi hujiwekea kanuni kwamba chombo kisizidi asilimia 5 ya uzito wa popo; kwa popo wa gramu 10, hiyo ni nusu gramu.

Tafsiri huviita vyote “vipimajoto”, na hapo tofauti hupotea. Kiswahili kinacho “kinasa sauti” tangu zamani. Kwa mfano huo tunapata “kinasahalijoto” kwa chombo kinachohifadhi vipimo kwa mfululizo, na “kitumahalijoto” kwa kile kinachovipeleka kwa redio. Kadhalika, “kupima” ni tendo la mara moja, na “kufuatilia” ni kupima kwa mfululizo ili mabadiliko yaonekane. Aidha, mtafsiri asisahau kutenganisha “halijoto ya ngozi” na “halijoto ya ndani ya mwili”, maana mara nyingi hazilingani, hasa wakati wa mzinduko.

6. Pingamizi na jibu

Tunatazamia kuambiwa kwamba “zizima” ni neno la pwani, na kwamba mtoto wa Bariadi halijui. Huenda ni kweli kwa wengine. Lakini hajui pia “haibanesheni”, na kati ya maneno mawili yasiyojulikana, lenye ndugu ndani ya lugha ndilo linalofundishika. Mwalimu atasema: gusa mtungi, maji yamezizima, ndivyo ulivyo mwili wa popo. Neno la kukopa halimpi mwalimu mtungi wa kugusa.

Watasema pia kwamba haya ni mambo ya wataalamu wachache. Tunakataa. Mwaka 2009 virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, vilivyopewa jina la Shimoni, vilipatikana katika popo aliyeokotwa pangoni kwenye pwani ya Kenya. Mkoa wa Kagera, ulio ng'ambo ya ziwa, ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na chimbuko la virusi hivyo ni popo wa mapangoni wala matunda, Rousettus aegyptiacus, ambao ni tofauti na wale wa mapaa ya bati. Matangazo kuhusu popo yataendelea kuandikwa, na yataandikwa kwa Kiswahili. Mtoto akimwona popo wa baridi na mkakamavu chini ya paa la shule, tangazo lililomwambia kuhusu popo “waliolala” na popo “waliokufa” halikumwambia kuhusu huyu. Linalofaa ni fupi: “Usimguse popo aliyeanguka, hata akionekana amekufa. Huenda amezizima tu. Akizinduka ataweza kuuma.”

7. Mapendekezo

Halijoto: kipimo cha moto au baridi ya kitu; lisitumike kwa maana ya joto.
Mnyama wa joto la ndani, mnyama wa joto la nje: badala ya “damu moto” na “damu baridi”.
Ubwete: hali yoyote ya kiumbe kusimamisha shughuli ili kuvuka wakati mgumu.
Ubwete wa kiangazi: ubwete wa viumbe kama kamongo na konokono.
Mzizimo: ubwete wa mnyama wa joto la ndani anayepunguza umetaboli na kushusha halijoto yake. Kitenzi: zizima.
Mzizimo wa kutwa, mzizimo mrefu: aina za mzizimo kwa kufuata muda.
Mzinduko: kujipasha moto na kutoka katika mzizimo. Kitenzi: zinduka.
Kinasahalijoto, kitumahalijoto: vyombo vya kufuatilia halijoto.

Haya ni mapendekezo, na hayajawa usanifu. Tunawaomba walimu wa sayansi, maofisa wa afya na watafsiri wayajaribu katika kazi zao, wayakosoe, na waandike kutueleza ni lipi lililokwama kinywani mwa wanafunzi na lipi lililopita. Hasa tungependa kusikia kutoka kwa wasemaji wa Kisukuma, kama lugha yao ina neno la hali hii lililo bora kuliko letu. Likiwapo, tutalipokea kama tulivyoipokea ikulu.